Waliopotea Kwenye Kadi za Alunguli

Kindu, 4 Februari 1973

Kwa Yaya Mbombo,

Nakusalimu kutoka mjini kwetu, ambako mto bado unapita mahali ulipouacha na wapiga kelele wa kambi ya reli bado hawajapata dawa. Mama yako mdogo wa hapa Alunguli ni mzima. Ananituma nikuulize kama huko Lubumbashi kuna sombe, majani yetu ya muhogo, au mnakula makaratasi. Nilimjibu kwamba wewe hasa ndiye unayekula makaratasi, kwa kuwa siku hizi jarida la tiba liko mikononi mwako, na kila daktari anayetaka kusomwa lazima apite mlangoni kwako.

Basi na mimi nimepiga hodi. Ndani ya bahasha hii kuna makala yangu ya kwanza. Makala ni ya Kifaransa na barua ni ya Kiswahili, maana siwezi kumwandikia kwa Kifaransa mtu ninayemwita Yaya, dada mkubwa, tangu aliponitoa chawa utotoni.

Nikueleze kwa kifupi. Kituo chetu cha malale hapa Alunguli kinapokea watu kuanzia Kailo mpaka njia ya Kibombo. Wewe unajua ugonjwa huu: ukishaingia kichwani, mtu anasinzia juu ya sahani yake, anasahau majina ya watoto wake, na mwishowe anakufa. Dawa ni ile sindano kali yenye sumu yake ndani, inayoponya wengi na kuua wachache, na mpango wa kawaida unamlaza mtu kituoni mwezi mzima na zaidi. Shamba lake litalimwa na nani? Watu wanatoroka. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1969 nimekuwa nikiwapa mpango mfupi, wiki moja tu, kisha kila baada ya miezi sita warudi kupimwa maji ya mgongo. Waliorudiwa na ugonjwa ni wachache mno. Wengine wengi hawakurudi kupimwa, nami nimewahesabu wazima, maana mgonjwa wa malale hafichiki nyumbani. Ndugu zake watamleta tu.

Wakubwa wa Kinshasa wameniambia kwamba makala ikitoka, mpango mfupi utatumika Maniema yote. Fikiria ni watu wangapi hawatatoroka tena.

Limebaki jambo moja. Umewaandikia madaktari wote kwamba atakayechapwa lazima alete kadi zote za wagonjwa, ili daktari mwingine yeyote aweze kuzisoma. Hapo, Yaya, unisamehe: sileti. Unamkumbuka Célestin wa Kampene. Alimpa profesa mmoja mgeni kadi zake zote za miaka na miaka, akaambiwa asante, akapewa kalamu. Baadaye kazi ikatoka Ulaya na jina la profesa, na jina la Célestin halimo hata kwa herufi ndogo. Kalamu anayo mpaka leo na haiandiki.

Nipokee bila kadi.

Mdogo wako,
Badibanga


Lubumbashi, 27 Februari 1973

Ndugu yangu Badibanga,

Makala imefika, salamu zimefika, na mama mdogo mwambie karatasi za huku zina chumvi ya kutosha. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuonyesha hapa ofisini, ambako wanadhani mimi ni mtu mkali. Umeandika vizuri. Nimesoma mara ya kwanza kwa kazi na mara ya pili kwa raha tu.

Lakini kadi utaleta.

Sikiliza kabla ya kukunja uso. Nilipokabidhiwa jarida hili nilikuta tumeshachapa makala juu ya dawa ya kuhara kwa watoto. Nilitaka kujua watoto wale walikuwa na umri gani. Nikamwandikia mwandishi, akajibu kwamba kadi zimeliwa na mchwa. Labda ni kweli, mchwa wa nchi hii hawachagui chakula. Lakini mpaka leo wako wauguzi wanaowapa watoto dawa ile kwa sababu sisi tuliichapa, na hakuna mtu anayeweza kurudi nyuma kutazama kama tuliona sawasawa. Jambo hilo linanikosesha raha. Ndiyo maana nikaweka sharti kwamba anayeomba tumwamini atuonyeshe alichokiona.

Habari ya Célestin naijua na inaniuma kama inavyokuuma wewe. Kadi zako zikifika nitaandikisha mbele ya mashahidi kwamba ni za Badibanga wa Kindu, na yeyote atakayezitumia atakutaja wewe kwanza kabla ya kujitaja mwenyewe. Majina ya wagonjwa hayatachapwa. Kila mmoja atapewa namba. Na kabla hujafunga sanduku, waulize wenyewe kama wanakubali. Maji ni ya migongo yao, si ya kwako wala ya kwangu.

Usinijibu kwa hasira. Nijibu kwa treni.

Yaya wako,
Mbombo


Kindu, 15 Aprili 1973

Yaya,

Umeshinda, kama ilivyokuwa desturi yako. Sanduku liko njiani. Nimemkabidhi mlinzi wa treni, mtoto wa shangazi yangu, na nimemwambia kwamba likipotelea Kongolo asirudi tena Kindu.

Wagonjwa niliwauliza. Nilidhani watakataa wote. Tuliwakusanya uani, na Hadidja, muuguzi wetu mkuu, ndiye aliyewaeleza, maana mimi nikieleza watu wanaitikia tu kwa adabu. Mzee mmoja aliuliza kama watu wa Lubumbashi watawapasha habari wakwe zake. Tulipomhakikishia kwamba hapana, akasema basi kadi yake iende, angalau hiyo ipande treni kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi.

Yuko pia mwanamke anaitwa Bitota, muuza sombe, mgonjwa mpya. Amekuja malale ikiwa tayari kichwani, mumewe anamwongoza kwa mkono. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, nikadhani hasikii kitu. Kisha akasema: "Kama kule mbali iko mutu anaweza kuona kitu hamukuona hapa, mumupatie." Akasinzia tena pale pale. Nimemwanzishia mpango mfupi, na kila asubuhi naona macho yake yanarudi kidogo.

Sikutegemea kuwashukuru wagonjwa kwa jambo kama hili, lakini nimewashukuru, mmoja mmoja. Wametoa walichonacho bila kuuliza watapata nini. Mimi niliuliza sana.

Nakala sina, Yaya. Kila kitu kiko ndani ya sanduku lile. Nakuambia wazi kwamba raha yangu imeondoka na treni.

Badibanga


Kindu, 20 Agosti 1973

Citoyenne Mbombo,

Mlinzi wa treni anaapa kwamba alikukabidhi sanduku mkononi, mwezi wa Aprili. Tangu siku hiyo nimekuandikia tena na tena, na wewe kimya. Juzi amepita hapa mtu wa wizara, akanisimulia kwamba amesikia kuna daktari huko Lubumbashi anayetengeneza kitabu juu ya malale ya Maniema. Jina la daktari hakulijua. Mimi nadhani nalijua.

Nilikupa kwa sababu tulilelewa kambi moja. Célestin angalau aliambulia kalamu.

Naomba kadi zangu zirudi, na makala yangu usiichape.

Docteur Badibanga


Lubumbashi, 9 Septemba 1973

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea mlinzi wa treni, mkono kwa mkono, na ukifika katikati utajua kwa nini sikuitia posta. Ile yako ya Agosti, uliyoniita Citoyenne, raia, kama mgeni, nimeisoma. Nililia kidogo, nikakasirika sana, halafu nikacheka. Sasa kaa chini.

Ndani utakuta barua zangu za Mei, Juni na Julai, za kujibu zako. Tazama bahasha zake. Ile ya Februari aliileta mlinzi wa treni; hizi nilizitia posta, zote kwa mazoea ya mkono: Docteur Florentin Badibanga, Alunguli, Kindu. Nilisahau kwamba Florentin alikufa mwanzoni mwa mwaka jana, siku moja na Odile wangu mimi, tulipoamriwa wote na chama kinachotawala tuache majina ya ubatizo na kubaki na ya mababu. Mwenye kugawa barua huko kwenu amezirudisha zote siku hizi hizi, na juu yake ameandika: hajulikani. Wewe, hujulikani Kindu, ambako hata mbuzi wanakuamkia! Nadhani anakujua vizuri sana, ila hakutaka kuonekana amepokea jina lililokatazwa.

Sasa sikia jambo lililokuwa linanisumbua tangu Mei, ambalo niliuliza katika barua zote hizo. Kwenye kadi zako, waliorudiwa na ugonjwa baada ya mpango mfupi wanaitwa Bulaimu, Ramazani na mfano wa hayo. Wote ni Waislamu. Mkristo hakuna hata mmoja. Nikajiuliza ni dawa gani hii inayowaponya Wakristo peke yao. Hata askofu hajathubutu kudai hivyo. Wakristo wako hawarudiwi, wao wanapotea tu, na wengi wamepotea tangu mwanzo wa mwaka jana. Na tangu wakati huo huo wagonjwa wako wapya wameongezeka, wa umri ule ule, wa vijiji vile vile. Nilidhani umekosea kuhesabu. Kuna siku, Mungu anisamehe, nilidhani umetunga.

Ndipo ikarudi bahasha ya tatu. Nikaishika mkononi nikajiambia: kama Kindu haimjui Florentin, itamjuaje mgonjwa wake? Mtu aliyetibiwa mwaka wa 1970 kwa jina la ubatizo, leo ugonjwa umemrudia, anafika kwenu na kadi ya Chama yenye jina jingine. Kituo kinafanya nini? Kinamfungulia kadi mpya. Waislamu wenu majina yao yanahesabiwa ya nyumbani tangu zamani za babu zao, hawakuguswa, ndiyo maana wao tu tunawaona wakirudi.

Ikiwa ni hivyo, ndugu yangu, watu wako hawakupona wala hawakupotea. Wamerudi kwako kwa mlango ule ule, nawe unawapa tena mpango ule ule ulioshindwa. Nenda ukawatafute. Makala itasubiri.

Kitabu ulichosikia habari zake ni jedwali la kadi zako ninalolitayarisha. Jina lililo juu yake ni moja tu, la kwako.

Yaya wako,
Mbombo


Kindu, 2 Oktoba 1973

Yaya yangu,

Sijui nianze na msamaha au na shukrani. Msamaha naomba kwa aibu, na shukrani natoa kwa moyo wote. Ungeninyamazia kwa kunionea haya, makala ingetoka, ningepongezwa, na Maniema nzima ingetibiwa vibaya kwa jina langu.

Siku niliyopata barua yako niliingia wodini. Bitota alikuwa amerudi, anasinzia kama mara ya kwanza. Nikamuuliza kama zamani, kabla ya mwaka huu, aliwahi kupigwa sindano hizi. Akasema hapana. Mumewe akatazama chini. Jioni mume akaja nyumbani kwangu peke yake, akakataa kiti. Akaniambia kwamba mkewe ndiye Germaine, aliyelala kituoni kwetu mwaka wa 1970, akatoka akicheka. "Docta, tulisikia mutu anayejiita jina ya zamani wanamufunga," akasema. "Pale uliuliza, tulizani wamekutuma."

Basi huyo mgonjwa wangu mpya ni mgonjwa wangu wa zamani, na mpango mfupi nimempa mara mbili. Sasa nataka kumpa ule mrefu, lakini amekonda hivi kwamba sindano yenyewe inaweza kumuua. Tunamlisha kwanza apate nguvu. Naogopa, Yaya. Nilimwona anapata nafuu, nikaandika kwenye kadi kwa furaha, kumbe najidanganya.

Wengine hawataki kusema kabisa. Nimewatuma watu wangu Alunguli na Kailo kuuliza majina ya zamani, na milango inafungwa. Huko Kailo mzee mmoja mwenye mvi aliapa kwamba amezaliwa mwaka jana. Nilicheka, lakini yule mzee nadhani anaumwa, na kila wiki inayopita ugonjwa unazidi kumla.

Sijui nitafanya nini. Nikijua nitakuandikia.

Badibanga wako


Kindu, 10 Desemba 1973

Kwa Mama Mbombo,

Pokea salamu na heshima kutoka kwa mtu usiyemjua uso. Mwandiko wangu unaujua, maana nyingi katika kadi ulizosoma nimeziandika mimi. Ni Hadidja, muuguzi wa kituo. Daktari hajui kwamba nakuandikia. Yeye atakupelekea hesabu tu, na mambo ya Jumamosi ile atayaruka, kwa hiyo nimeona nikueleze mimi.

Kama huko kwenu, Jumamosi hapa ni salongo: watu wote tunatoka kufagia na kuzibua mitaro, na wa Chama wanatazama nani hakuja. Siku hiyo Alunguli yote ilikuwa barabarani na majembe. Daktari akafika amekunja suruali, akalima mtaro pamoja nasi mpaka shati likalowa. Tulipopumzika akaenda kwa mkuu wa Chama wa mtaa wetu, Citoyen Tambwe, akaomba nafasi ya kusema na watu. Tambwe akampa, akidhani ni maneno ya mbu.

Daktari alieleza yote bila kujipendelea. Alisema mpango wake mfupi umeshindwa kwa watu wengine, waliporudi aliwadhani wageni, na sasa anahitaji jina lililo kwenye kadi ya kwanza ya kila mtu ili awape mpango mrefu kabla hawajachelewa. Watu walitazama majembe yao. Mimi nilikuwa nyuma yake na meza na daftari tulilobaki nalo, la majina na tarehe za kupimwa, nikiogopa, ingawa jina langu halina neno. Hata nyanya wa nyanya yangu aliitwa Hadidja.

Ndipo Daktari akasema kwa sauti ya kusikika: "Mimi kwa ubatizo naitwa Florentin. Citoyen Tambwe, kama ni kufunga watu, uanze na mimi."

Mama, nilitaka kuingia chini ya meza. Tambwe alisimama amefunga vifungo mpaka kooni, alama ya Chama kifuani. Nikaona mambo yameharibika. Kisha akaja mezani pangu, polepole, akainama.

"Anaclet," akasema. "Mwaka ya sabini. Tafuta."

Nikatafuta, nikampata. Alikuwa mmoja wa wale mliowaita waliopotea, na hakuwahi kurudi kupimwa hata siku moja. Akageukia watu: "Mutu anapelekaka majina kwa Chama hapa Alunguli njo mimi. Leo niko na kazi ingine, siendi. Mukuje."

Wakaja. Wengine waliniambia jina sikioni, wengine walilisema wazi. Mwanamke mmoja alipotamka lake alicheka mwenyewe, akasema hajalisikia siku nyingi. Tuliandika mpaka jua likawa kali na salongo ikasahaulika, na hakuna aliyetuuliza. Wiki iliyofuata wakaja wa Kailo, na yule mzee akakubali kwamba alizaliwa zamani kidogo.

Tambwe maji yake ya mgongo tumekuta si safi, ugonjwa umeshafika kichwani. Amelazwa, amepewa mpango mrefu, na anatuamuru sote kutoka kitandani.

Bitota tulimwanzishia mwezi uliopita. Sindano imemletea kifafa. Ni siku kadhaa sasa hajitambui. Daktari anakaa kando yake kila apatapo nafasi. Tuombee.

Nikuambie ukweli, barua yako ya maswali ilipofika nilikuchukia kidogo, kwa sababu ya mwandiko wangu. Sasa nakuombea kila swala.

Hadidja


Lubumbashi, 18 Machi 1974

Mdogo wangu,

Kadi zako mpya zimefika, na kila jina la zamani limekaa kando ya jipya. Tumeziunganisha. Mambo ya salongo hukuniandikia, lakini nimeyajua; usiniulize kwa nani, wala usimkaripie. Nilisoma habari ile nikiwa nimesimama, na nilipomaliza niliona fahari kama mama mzazi.

Kisha niliyaonyesha majedwali mapya kwa daktari kijana wa Kalemie aliyeomba kuyasoma. Uliniambia kwamba kadi zilizo wazi zinaweza kuibwa. Huyu hakuiba. Ameniandikia barua inayoanza na jina lako, na ameona kitu ambacho mimi na wewe tulikipita, kwa kuwa tulikuwa tumeshikwa na huzuni. Wale ambao maji yao ya mgongo yalikuwa bado safi siku ya kwanza, mpango mfupi umewatosha karibu wote. Ulioshindwa ni kwa wale ambao ugonjwa ulishafika kichwani. Kwa hiyo hukukosea yote. Pima maji kwanza: aliye msafi apewe wiki moja na arudi shambani, mwingine abaki. Hivyo ndivyo makala itakavyosema, na Kinshasa nimewaandikia hivyo.

Wewe ndiye mwandishi. Yule kijana ameomba ashukuriwe mwishoni tu. Nimemwambia atashukuriwa vizuri.

Jambo moja nimeliogopa kuuliza. Katika hesabu ulizoleta, mstari wa Bitota umeandika kwamba amerudiwa mara mbili na amepewa mpango mrefu, kisha safu ya mwisho umeiacha tupu. Hukuandika amepona, hukuandika amekufa. Nakujua, na najua kwamba mkono wako ulishindwa. Mchapaji hangoji, nimempelekea jedwali na nafasi hiyo wazi.

Ukiweza kuniambia, niambie. Usipoweza, nitaelewa.

Yaya wako,
Mbombo


Kindu, 30 Juni 1974

Yaya Mbombo,

Jarida limefika. Nimeliona jina langu na nimelisoma mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mzima. Célestin amekuja kutoka Kampene, akalishika, akaangalia pale mwishoni ambapo kijana wa Kalemie ameshukuriwa. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama zile kadi zake mpya, alizoanza upya baada ya kuibiwa, mnaweza kuzipokea. Nimemwambia akuandikie wewe.

Tambwe ametoka kituoni. Ameniita Florentin mbele ya watu, kisha akajifanya amekohoa.

Uliuliza, nami nilinyamaza. Mwezi Machi Bitota alikuwa hasemi wala hali mwenyewe. Sikuweza kuandika kwamba atapona, na sikutaka kalamu yangu iwe ya kwanza kusema kinyume. Hadidja alimlisha uji kwa kijiko, siku baada ya siku, na mumewe akalima bustani yake kando ya ukuta wa kituo ili asiwe mbali. Mwezi wa Aprili akamuuliza mumewe kwa nini amepanda sombe karibu hivyo. Tangu hapo nimempima maji, na nimempima tena. Ni safi.

Nilipowasomea wagonjwa jedwali, alitaka aonyeshwe mstari wake. Nikamwonyesha namba yake na ile nafasi tupu. Hakuridhika. Ameniketisha mezani niandike maneno yake kama anavyoyasema, bila kuyanyoosha. Kuhusu sahihi tulibishana, na ameshinda yeye. Mlinzi wa treni atakuletea mkononi.

Asante, Yaya, kwa kuuliza.

Badibanga


Mama Mbombo,

Jambo. Mimi njo ule mutu munaitaka kwa namba mu kitabu yenu. Docta amenionyesha. Muliandika malale ilinirudilia mara mbili. Ni kweli, musifute, watu wajue. Lakini ile fasi mulibakisha bila kitu, muandike: iko muzima, analima, anauzisha sombe, watoto anawajua majina yote.

Nilisema kama kule mbali iko mutu anaweza kuona kitu, apewe. Sikukujua. Sasa niko nakujua, na nakutumia asante. Na ule kijana wa Kalemie, umupatie yake.

Docta anasema nitie jina moja tu, ingine iko hatari. Nimemujibu: ile ya kwanza njo niliugua nayo, ile ya pili njo nilipona nayo. Zote mbili zinakushukuru. Anaandika, mimi natia kidole.

Germaine Bitota